Dirisha, Kodi na Baridi ya Julai

Julai ya mwaka jana cucu alitutia hofu. Baridi ya Mathira mnaijua, na kama hamuijui muulizeni yeyote aliyesoma shule ya bweni upande huo wa Nyeri. Ukungu unalala juu ya mibuni mpaka saa tano, jua halionekani wiki nzima, na alfajiri kipimajoto kinakaribia nyuzi 10. Usiku mmoja aliingiza jiko la makaa chumbani, akaziba kwa matambara yale matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha, akalala. Asubuhi tata alimkuta ameketi kitandani, kichwa kinamgonga, anatapika, hajui ni siku gani. Hospitalini tukaambiwa ni sumu ya makaa, ile hewa ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu. Tukaambiwa pia kwamba dirisha la chumba kile lingekuwa linafunga sawasawa, tungekuwa tunapanga matanga. Kutu ilikuwa imekula fremu upande wa chini, upepo ukapata pa kupitia. Dirisha bovu ndilo lililomwokoa.

Kundi la WhatsApp la familia likawaka moto. Kila mtu na dawa yake. Mwishowe binamu yangu wa Lowell, Massachusetts, akatuma ujumbe wa sauti wa dakika sita. Yeye alinunua nyumba kuukuu ya mbao huko, na mwaka 2024 akabadilisha madirisha tisa. Aliweka ya vioo viwili viwili, katikati yake gesi ya agoni, na kioo kimoja kimepakwa utando mwembamba sana unaorudisha joto ndani. Alipojaza fomu za kodi mwaka uliofuata, serikali ilimpunguzia dola 600. "Sasa mnangoja nini?" akauliza. "Wekeni kama haya. Na ulizeni KRA kama kuna nafuu." Halafu akatuma picha ya kibandiko cha dirisha lake chenye namba za kupima upotevu wa joto. Tutafute namba ndogo, alisema.

Kazi ya kutafuta nikapewa mimi, kwa sababu nilisomea historia, na katika familia yetu hiyo ina maana kwamba nina wakati.

Nilianza na bati la biskuti. Cucu ana bati moja la zamani ambalo ndani yake kuna karatasi zote za boma: hatimiliki, kadi za kliniki, vijikaratasi vya kiwanda cha kahawa. Nilikuwa natafuta risiti ya madirisha nijue vipimo. Niliipata, tarehe ni Agosti 1977. Lakini chini yake kulikuwa na karatasi nyingine iliyokunjwa mara nne, imekuwa laini kama kitambaa: stakabadhi ya kodi ya nyumba ya babake guka. Nikakaa nazo mezani, moja huku moja kule, na ile kazi ya kutafuta madirisha ikanipeleka mbali kuliko nilivyotumwa.

Neno lenyewe kwanza. Dirisha tumelipata kwa Waajemi, ambao kwao daricha ni mlango mdogo. Likafika Pwani pamoja na majahazi, likapanda bara, na Wakikuyu wakaligeuza kuwa ndirica. Neno liliazimwa kwa sababu kitu chenyewe kiliazimwa. Nyumba ya Mkikuyu wa karne ya kumi na tisa, iwe nyũmba ya mwanamke au thingira ya mwanamume, ilikuwa ya mviringo, mlango mmoja, dirisha hakuna. Jomo Kenyatta katika *Facing Mount Kenya*, kitabu cha 1938, anaeleza jinsi nyumba ilivyojengwa na kukamilika kwa siku moja, jamaa na majirani wakigawana kazi. Kabla ya usiku moto ulikuwa umeshawashwa ndani.

Msicheke nyumba hiyo. Ukitaka kuzungushia ukuta eneo fulani la sakafu, mviringo ndio unaokula ukuta mfupi kuliko umbo lolote, na ukuta mfupi unapoteza joto kidogo. Nyasi za paa, zikiwa nene, zimejaa hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia ndiyo hiyo hiyo binamu yangu aliyoinunua Lowell katikati ya vioo viwili. Moto uko katikati kwenye mafiga matatu, na mbuzi wamelala humo humo wakiongeza joto lao. Moshi hauna bomba wala dirisha. Unapanda polepole, unajipenyeza kwenye nyasi na kutoka, na njiani unakausha paa na kufukuza wadudu. Nyumba ilikuwa inapumua kupitia kofia yake.

Sisemi ilikuwa peponi. Moshi huo uliumiza macho na vifua vya akina mama waliopika humo miaka yote. Ninachosema ni kwamba watu hao walikuwa wamelijibu swali la cucu, la jinsi ya kupata joto usiku bila kufa, na walilijibu bila dirisha. Kilichokuja kulivuruga jibu hilo kilianza na hesabu.

Mwaka 1901 serikali ya Waingereza ilitoa kanuni za kodi ya nyumba katika Himaya yake ya Afrika Mashariki. Nyeri ilikuwa bado haijatekwa. Kituo chao kilianzishwa karibu na kilima cha Nyeri mwishoni mwa 1902, baada ya mapigano na watu wa Tetu, na kodi ikafuata nyuma ya askari. Ililipwa kwa rupia. Asiye na rupia alitoa mbuzi, au akaenda kuitafuta rupia kwenye shamba la mzungu, na hilo la pili ndilo walilolitaka hasa.

Kilichohesabiwa ni nyumba. Mwanamume mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu, kwa hivyo alilipa mara tatu. Ukiwa na akili zako utafanya nini? Utajenga nyumba chache. Maofisa walilalamika mara nyingi, Kenya na hata Uganda ambako Mkataba wa Buganda wa 1900 uliweka rupia tatu kwa kila nyumba, kwamba watu wanabanana chini ya paa moja kuikwepa kodi. Wake wawili kwenye moto mmoja, watoto wa nyumba mbili kwenye moshi mmoja. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa ili iwanase vijana wasio na nyumba. Kufikia 1921, rupia zilipogeuzwa shilingi, kodi ilikuwa imepanda hadi shilingi 16. Harry Thuku aliwakusanya watu kupinga mambo haya na mengine, akakamatwa Machi 1922, watu wakapigwa risasi Nairobi nje ya kituo alichofungiwa. Baadaye kodi ikateremshwa hadi shilingi 12.

Hapa ndipo nilipojikuta nasoma kuhusu Uingereza yenyewe, na bana, nilisimama nikatembea chumbani.

Kuanzia 1696 Waingereza walitoza kodi ya madirisha kwao nyumbani. Ilikuwa njia rahisi ya kukisia utajiri wa mtu bila kumuuliza ana pesa ngapi. Mkaguzi hakuhitaji kuingia ndani, alisimama barabarani akahesabu vioo. Kwanza kila nyumba ililipa shilingi 2, na yenye madirisha 10 au zaidi ikaongezewa. Watu wakafanya walichofanya babu zetu, wakapunguza kinachohesabiwa. Waliziba madirisha kwa matofali. Miji ya zamani ya Uingereza bado ina kuta zenye madirisha bubu, ingawa mengine ni mapambo tu ya wasanifu, usiamini kila mwongozo wa watalii. Wenye nyumba za kupangisha ndio waliobana zaidi, kwa sababu giza lilikuwa la mpangaji na kodi ilikuwa yao. Juu ya hayo, kioo chenyewe kilitozwa ushuru wake kuanzia 1746 hadi 1845. Ufaransa nao walikuwa na kodi ya milango na madirisha tangu 1798, wakaishikilia hadi 1926.

Madaktari na wapigania afya wa Uingereza walipiga kelele miaka mingi kwamba kodi hiyo inawanyima maskini mwanga na hewa, inawapa magonjwa. Bunge likaifuta mwaka 1851. Miaka 50 kamili baadaye, 1901, watumishi wa taji hilo hilo wakaanza kutoza kodi nyumba zisizokuwa na dirisha hata moja. Somo la mwaka 1851 halikupanda meli.

Huku wamisheni walikuwa wanahubiri dirisha. Waitalia wa Consolata walikuwa Nyeri, Waskoti walifungua Tumutumu mwaka 1908, na kilima cha Tumutumu unakiona ukisimama mlangoni kwa cucu. Pamoja na kusoma na kuandika kukaja nyumba ya pembe nne. Athomi, wale waliosoma, walitambulikana kwa nguo na kwa nyumba, na nyumba ya msomaji ilikuwa na dirisha. Maofisa wa afya nao walilitaka, kwa ajili ya hewa. Lakini kioo kilikuwa ghali, kwa hivyo dirisha la kwanza la wengi lilikuwa kipande cha ubao chenye bawaba. Mchana liko wazi, mwanga unaingia, Biblia inasomeka. Usiku linafungwa, na giza ni lile lile la zamani. Halafu nyasi zikaondoka, mabati yakaja, na mabati hayapumui. Moshi uliokuwa ukipita kwenye kofia ya nyumba sasa unagonga chuma na kurudi chini.

Kuna jambo kuhusu wanawake ambalo sikulijua kabla ya kazi hii. Machi 1930, Kenyatta akiwa London kwa niaba ya chama cha KCA, gazeti la *The Times* lilichapisha barua yake yenye madai matano ya Wakikuyu. Ardhi, elimu, uwakilishi bungeni, heshima kwa mila, hayo tuliyasoma shuleni. Dai ambalo halikutajwa darasani kwetu ni kufutwa kwa kodi ya nyumba kwa wanawake. Mwanamke anayeishi peke yake katika nyumba yake mwenyewe alihesabiwa kama mwenye nyumba mwingine yeyote, apate wapi shilingi hizo ni shauri yake. Nilipomsomea cucu jambo hilo hakushangaa hata kidogo. Nyanya yake alikuwa mmoja wao.

Yeye mwenyewe alikuwa na miaka 14 hivi vijiji vilipokuja. Kuanzia katikati ya 1954 serikali ya kikoloni, ikipigana na Mau Mau, iliwaondoa Wakikuyu, Waembu na Wameru kwenye maboma yao na kuwasukuma katika vijiji vya kulindwa. Katika muda wa mwaka mmoja na zaidi kidogo, watu zaidi ya milioni moja waliingizwa katika vijiji zaidi ya 800 vyenye mahandaki na miti iliyochongwa ncha. Nyumba za zamani zilichomwa. Za kijijini zilijengwa mbio, wengi wa wajenzi wakiwa wanawake na wasichana, kwa amri, baada ya kuchimba handaki kutwa. Nilimuuliza cucu kama zilikuwa na madirisha. Alinitazama kama mtu aliyeuliza kama kulikuwa na lifti. "Dirisha la nini?" akasema. "La kuchunguliwa na askari?" Anachokumbuka ni matope ya ukuta kutokauka, na baridi ya Julai ya 1955 ndani ya nyumba yenye ukuta mbichi. Mdogo wake wa kiume alikufa mwaka huo kwa kifua. Hilo alinieleza huku akikunja sweta zake, halafu akabadilisha mada, nami nikamwacha.

Watu walipotoka vijijini mwishoni mwa miaka ya 1950, ardhi ilikuwa imepimwa upya na vishamba vilivyotawanyika vimeunganishwa kuwa kimoja, na kila mtu akajenga kwenye kipande chake. Guka alijenga nyumba ya mbao, paa la mabati, madirisha ya ubao. Hapo walikaa miaka 20.

Kilicholeta kioo ni Brazili. Julai 1975 baridi kali iliua mibuni mingi sana katika jimbo la Paraná. Bei ya kahawa ikapanda duniani mpaka kilele chake mwaka 1977, na pesa zikamiminika vilima vya Nyeri kupitia vyama vya ushirika. Ukipita Mathira, Tetu au Othaya leo, ukiona nyumba ya mawe yenye baraza fupi na madirisha ya chuma yenye vioo vidogo vidogo, uliza ilijengwa lini. Mara nyingi utatajiwa mwaka ambao kahawa ilikuwa dhahabu. Baridi ya kwao ndiyo iliyotununulia madirisha ya kuzuia baridi yetu. Guka alichukua malipo yake ya mwaka huo akaenda Karatina kuagiza madirisha saba. Risiti ndiyo hiyo ya Agosti.

Miaka hiyo hiyo, upande wa pili wa dunia, Wamarekani walikuwa wanawaza madirisha kwa sababu nyingine. Mafuta yalikuwa yamepanda bei tangu 1973, na nyumba zao zilikuwa zinayanywa wakati wa baridi. Mwaka 1978, chini ya Rais Jimmy Carter, ikapitishwa sheria iliyompa mwenye nyumba nafuu ya kodi ya asilimia 15 ya dola 2,000 za kwanza alizotumia kuizuia nyumba isivujishe joto. Ikafa mwaka 1985. Ikafufuliwa kwa sheria ya 2005, safari hii madirisha yakipewa dola 200 tu. Ikapanda, ikashuka, hadi sheria ya Agosti 2022 ilipoifanya asilimia 30 ya gharama, isizidi dola 600 kwa mwaka kwa madirisha. Hizo ndizo alizopata binamu. Kisha Julai 2025, mwezi ule ule tulipokuwa hospitalini na cucu, sheria nyingine ikatiwa saini kuwa nafuu hiyo ikome Desemba 31 mwaka huo.

Nikimsikiliza binamu ungedhani serikali yake ilimnunulia madirisha. Tulipokaa kuchambua fomu, mambo yalikuwa na masharti. Dirisha lazima liwe la daraja la juu kabisa la Energy Star. Gharama ya fundi haihesabiwi, ni bei ya dirisha lenyewe tu. Na nafuu hiyo inakata kodi unayodaiwa, haikupi pesa mkononi, kwa hivyo asiyedaiwa kodi hapati chochote. Mama anayeishi kwa pensheni ndogo katika nyumba inayovuja upepo, pale pale Lowell, alikuwa nje ya mpango.

Niliuliza huku, kama nilivyotumwa. Nafuu ya kodi kwa ajili ya madirisha Kenya haiko. Kuna jirani yake wa karibu: ukikopa kutoka benki au taasisi nyingine iliyotajwa na sheria ili kununua au kuboresha nyumba unayoishi mwenyewe, riba unayolipa hutolewa kwenye mapato yako kabla ya kodi kukokotolewa. Kiwango cha juu kilikuwa shilingi 300,000 kwa mwaka, na tangu mwishoni mwa Desemba 2024 ni 360,000. Mwenye kazi ya mshahara Nairobi na mkopo wa nyumba anaweza kweli kuingiza madirisha humo. Cucu hana mshahara wala mkopo. Mapato yake ni maziwa ya ng'ombe mmoja na sisi.

Kwa upande wa kulipa, hata hivyo, yumo. Kioo, fremu, silikoni na rangi vyote vina VAT ya asilimia 16. Na sheria ile ile ya Desemba 2024 iliyoongeza nafuu ya riba iliweka pia ushuru wa bidhaa kwa vioo bapa vinavyoingizwa nchini kutoka nje. Sijui kama aliyeiandika amewahi kusoma kuhusu 1746. Tanzania wana kiwanda kikubwa cha vioo Mkuranga tangu 2023, labda siku moja bei itashuka kutoka upande huo, lakini mimi nilikuwa natafuta madirisha wakati huo, si siku moja.

Nilienda kwanza kwenye duka moja la madirisha ya alumini Nairobi. Kijana alinionyesha ya vioo viwili kama ya binamu, mazuri sana, yanafunga kama mlango wa friji. Bei ya saba ingenunua ng'ombe wa maziwa wawili wa gredi na chakula chao. Nikamwomba muda.

Halafu nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Nililala kwa cucu, nikaamka saa kumi na moja alfajiri, nikawasha kijiti cha udi nikakizungusha kila mahali taratibu. Moshi wa udi hausemi uongo. Kwenye kioo chenyewe ulipanda wima. Kwenye kiungo cha fremu na bawa la dirisha uliyumba. Sehemu tatu ambapo pati ilikuwa imekauka na kudondoka ulivutwa nje kabisa. Lakini nilipokiinua juu ya kichwa moshi ukanishangaza. Ulipanda moja kwa moja, ukagonga mabati, ukaenea. Nyumba haikuwa na dari. Guka aliishiwa na pesa za kahawa alipofika hapo, na bei haikurudi tena.

Nikachukua futi. Paa ni mita za mraba 63. Madirisha yote saba yakijumlishwa hayafiki 8. Ni kweli kioo kimoja hupitisha joto karibu mara mbili ya vioo viwili, lakini mabati matupu ni mabaya kuliko kioo, na ni mengi mara nane. Kuna jambo kubwa zaidi ambalo binamu hakulifikiria, wala mimi. Yeye ana mashine ya kupasha nyumba joto. Januari nje ni nyuzi 10 chini ya sifuri, ndani ni 20, na kila joto linalotoroka amelilipia. Dirisha lake linajirudishia gharama kwa gesi asiyoichoma. Cucu hana mashine ya kupasha joto. Hakuna gesi ya kuokoa. Akifunga dirisha kama friji, joto lililoko ndani ni la mwili wake na la blanketi, isipokuwa alete jiko. Na akileta jiko kwenye chumba kama hicho, hataamka.

Ndiyo maana yale matundu yapo. Yamo kwenye nyumba zetu za mawe kwa sababu kanuni za ujenzi zilidai hewa ya kudumu hata dirisha likifungwa. Ndiyo njia ya pekee ya kupumulia iliyobaki baada ya nyasi kuondoka. Sisi wajukuu tumekuwa tukiyaita mashimo ya baridi. Nimewahi kumsaidia kuyaziba kwa magazeti nikiwa darasa la sita, na nililipwa kwa chai na viazi vitamu.

Fundi wa Karatina alikuja na pikipiki. Alipiga fremu kwa nyundo moja moja, akisikiliza. "Hii chuma si ya leo, kijana," akasema. "Ya leo ni karatasi. Sita zimepona, moja ndiyo imekufa." Iliyokufa ni ya chumba cha cucu, ile ya kutu. Wengi kwenye kundi la WhatsApp walitaka tutoe yote, tuweke alumini, tumalize. Tata alilia kidogo kwenye simu, akisema tunamfanyia mama yake mambo ya bei rahisi. Ilichukua majuma mawili. Cucu mwenyewe, ambaye ananiita mume wake kwa sababu nimebeba jina la guka, aliulizwa mwisho, kama kawaida ya familia. Alisema madirisha yale aliyabeba kichwani kutoka barabarani mpaka bomani, mawili mawili, na anayetaka kuyatoa ayabebe kwa njia hiyo hiyo kuyarudisha.

Kwa hivyo fremu sita zilibaki. Fundi aliondoa kutu na pati ya zamani, akapaka rangi ya kuzuia kutu, akaweka vioo vipya vya milimita 4 palipopasuka, akabandika mpira mwembamba pale bawa linapokutana na fremu. Dirisha la saba alilichomelea upya kwa chuma kizito, kwa vipimo vya 1977. Pesa nyingi zilienda kwenye dari ya mbao, nyumba nzima. Tulishona mapazia mazito yanayofika sakafuni. Matundu tuliyafungua yote na kuyawekea wavu wa mbu, na jiko la makaa nililibeba mwenyewe nikaliweka jikoni nje. Mahali pake kuna mipira miwili ya maji moto. Alfajiri nilipima tena: nje 11, chumbani 15 na nusu. Kabla ya kazi, tofauti ilikuwa haifiki nyuzi mbili. Binamu anasema 15 kwake ni dharura. Cucu alivua sweta moja kati ya tatu.

Fundi alimwandikia risiti ya dirisha jipya, na duka la vioo likatoa yake, ile ya mashine. Cucu alivaa miwani akazisoma zote mbili kwa kidole, mstari kwa mstari, hadi chini.

"Hii kumi na sita ni ya nini?"

"Kodi, cucu."

"Ya nyumba?"

"Ya kioo."

Akazikunja mara nne, akaenda kuleta bati.